Duara Jekundu Juu ya Ploti Yetu ya Kisaju

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilifanya kazi Kitengela, kwa watafiti wa mambo ya kale. Niliingiza kwenye kompyuta picha zilizopigwa kutoka angani, nayo programu ikatafuta maduara ya nyasi nzito. Mahali wafugaji wa kale walipolaza ng'ombe, mbolea hubaki ardhini na majani huota vizuri hata karne nyingi baadaye. Kila ilipoona duara iliweka alama nyekundu. Niliiamini mashine ile kuliko nilivyowaamini wakubwa wangu.

Asubuhi moja ikaweka alama juu ya ploti yetu ya Kisaju.

Msingi ulikuwa umeshachimbwa. Mama alikuwa amestaafu, na nyumba ya kazi aliyotulelea mwajiri wake alikuwa anaitaka irudishwe. Pale pakithibitishwa kuwa pa kale, ujenzi ungesimama, naye hakuwa na kwingine pa kwenda. Nilimwonyesha mkubwa wangu ile alama huku nikiilaani kimoyomoyo.

Tulikwenda kuchimba shimo la majaribio. Mama alikaa juu ya mawe ya ujenzi, kiondo mapajani, akakataa chai. Jirani aliyetuuzia ardhi, bibi mzee wa Kimaasai tuliyemwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao, alikuja kutazama. Tabaka nene la samadi kavu lilipotokea, wakubwa wangu walitabasamu. Niliwachukia, Mungu anisamehe.

Halafu chini kabisa ya samadi jembe likagonga kitu. Mkubwa wangu akakipangusa, akakigeuza, akacheka peke yake. Ilikuwa akala, kiatu cha tairi ya gari.

Yeyo akakipokea kwa mikono miwili.

"Hii ni ya mzee wangu," alisema. "Boma yetu ya kwanza ilikuwa hapa, kabla tuhamie kule juu. Alitafuta hii kiatu mpaka akasema ni mimi nimetupa."

"Kwa hivyo hapa si pa zamani?" mama akauliza.

"Ni pa zamani yangu tu."

Mkubwa wangu akatuambia tufukie shimo na tuendelee kujenga. Nilifukia mwenyewe, haraka haraka, kana kwamba wangebadilisha mawazo.

"Sasa leteni hiyo chai," mama akasema.

Nilimmiminia, naye akainywa yote akiutazama msingi wake.