Kabati la Bi Sindano

Bi Sindano hakupewa jina hilo kwa ajili ya kushona tu. Ulimi wake nao ulichoma. Mteja akimletea gauni la dukani apunguziwe kiuno, alilinyanyua kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya mfu, akaligeuza ndani nje, akavuta uzi mmoja mpaka pindo lote likafumuka.

"Shoga yangu, hii umelipia kweli? Ni nguo au ni chandarua?"

Mteja hucheka kwa aibu, hulipa, na mwezi unaofuata huleta jingine la namna ile ile. Akishatoka tu, Bi Sindano humpazia sauti seremala wa chumba cha pili, maana kati yao palikuwa na ukuta wa mbao tu.

"Shemeji, watu hawa hawana akili! Fundi yupo mlangoni, wao pesa wanazipeleka wasikokujua. Halafu ndio wa kwanza kulia kwamba mtaa umekauka."

"Kweli, shemeji," hujibu seremala, randa yake ikiendelea kukwangua.

Waliitana shemeji kwa kuwa mke wa seremala alimwita Bi Sindano dada, na alimshonesha kila kitu: magauni yake, sare za shule za watoto watatu, hata maovaroli ya vibarua wawili wa mumewe. Na meza ya kukatia vitambaa ambayo Bi Sindano aliiegemea akiwasema watu, aliitengeneza seremala huyo huyo. Mwaka wa kumi na mbili, haikuwa imeyumba hata mguu mmoja.

Basi siku moja Bi Sindano akataka kabati la nguo. Seremala akamtajia bei na wiki tatu za kungoja.

"Shemeji, mbao zako zinakuja kwa ndege?" Bi Sindano akaguna, akaondoka.

Jumamosi akaenda duka kubwa la barabara kuu, akarudi na kabati jeupe lenye kioo, nusu ya bei, vipande vyake vimepangwa ndani ya boksi. Mkokoteni ukapita nalo mbele ya mlango wa seremala. Seremala akainua macho, akayarudisha kwenye randa. Bi Sindano, mwanamke ambaye hajapata kukosa la kusema, ghafla akawa anatafuta funguo mkobani.

"Mimi ni mjane, najibana," alimwambia binti yake, nesi, ambaye hata hakuwa amemuuliza. Ndivyo alivyo binadamu: pesa ya mwenzake ikienda dukani ni ujinga, yake ikienda huko huko ni busara.

Kabati lilimaliza msimu mmoja wa mvua. Unyevu ulipoingia, ubao wake, kama ulistahili kuitwa ubao, ukavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Bawaba zikang'oka, mlango ukaanguka, kioo kikawa vipande. Bi Sindano akaubeba mlango mpaka kwa seremala.

"Nipigie misumari miwili tu, shemeji."

Seremala akaubonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama.

"Msumari utashika wapi? Hili ni vumbi la mbao na gundi."

"Basi tumia maarifa."

"Maarifa unayo wewe. Ukiletewa nguo ya namna hii huwa unasemaje?"

"Usinifananishe na wale! Mimi nilinunua kwa shida."

"Na wao walinunua kwa nini, kwa raha?" Alisema taratibu, kama anayeuliza saa. "Mwezi ukiisha nafunga, shemeji. Nusu mwaka nimeuza vitanda viwili. Vibarua nimeshawaachisha kazi. Kaka yangu anafuga kuku, nitakwenda kumsaidia."

Akafunga kweli, akahama na familia yake.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, wakati ambao cherehani ya Bi Sindano huwa haipumziki, sare za watoto watatu hazikuja. Maovaroli hayakuja. Wake za wale vibarua walipita upande wa pili wa barabara, wakimsalimia kwa mbali.

"Seremala naye hana uvumilivu!" alifoka.

Binti yake alikuwa akikunja nguo na kuzipanga kwenye maboksi sakafuni. "Mama, ulichookoa kwenye kabati si ndicho mke wake alichokuwa anakuletea kila muhula?"

"Nani kakuuliza wewe?"

Usingizi ulichelewa kuja siku hiyo. Wiki hiyo hiyo soli ya kiatu chake ilibanduka. Duka kubwa lilikuwa limeshusha bei ya viatu vya plastiki, na aliisoma karatasi yao ya matangazo yote, mbele na nyuma. Mwishowe akaenda kwa fundi viatu wa pembeni, shingo upande.

"Leo umenikumbuka, Bi Sindano!"

"Shona, acha maneno. Na uzi uwe mnene."

Akavutana naye kwenye bei mpaka fundi akakaribia kumrudishia kiatu chake kikiwa wazi. Kisha akalipa, akavaa, akaenda zake akichechemea kidogo, maana soli iliyoshonwa upya ilikuwa ngumu.