Masikio ya Mama Yaliponyakua Simu

Tangu nizaliwe hakuna kitu kilichonitia hasira kama zile mashine mbili za masikio. Kila moja ilikuwa ndogo kama punje ya hindi iliyoota mkia, lakini ukaidi wake, jamani, ulimshinda mbuzi dume. Dada yetu mkubwa, anayekaa Ulaya, ndiye aliyezituma. Zilipitia Kigoma, kwa mkono wa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, zikavuka ziwa mpaka Kalemie zimefichwa ndani ya soksi ya mtoto.

Zilikuwa za mama yetu. Uziwi ulikuwa umemwingia polepole, mwaka hata mwaka, mpaka ukimwomba chumvi jikoni, jirani wa nyumba ya pili anakujibu kwamba yake imekwisha. Miaka yote hiyo hakulalamika. Alianza kuzitaka mashine vita ilipofika Nyunzu. Mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wake, alikuwa amepanda treni kwenda kule na katoni za sabuni za kuuza, na vita ikamkuta hukohuko. Simu yake haikuita tena. Kila siku watu waliingia Kalemie kwa miguu, magodoro kichwani, na kila siku mama aliketi mlangoni akiwatazama midomo yao, akitafuta neno Nyunzu.

"Mutoto wangu akipiga simu, nataka nimusikie mimi mwenyewe," alisema. "Nyinyi munanichujia maneno kama chai."

Hakutusingizia. Tulikuwa tunachuja kweli. Kwetu mzazi hapewi habari ya kifo na mtoto wake, wala hapewi kwa simu. Mdogo akipokea habari, anaipeleka kwa wakubwa. Wakubwa wanakaa, wanachagua msemaji, kisha asubuhi, baada ya sala, wanaingia pamoja, wanamketisha mwenye msiba, wanamshika kulia na kushoto, ndipo anaambiwa. Kabla ya hapo, hata mtaa mzima ukijua, watu wanampitia wanamsalimia kama kawaida: habari za asubuhi, mama, habari za jua. Kwa hiyo kila simu iliyotoka upande wa Nyunzu niliipokelea mbali naye, na mama aliona, na alikasirika.

Basi zikaja mashine. Dada alikuwa ameeleza kwamba zinaunganika na simu bila waya, kwa bluetooth: mtu akipiga, sauti haitoki kwenye simu, inaingia moja kwa moja masikioni mwa mama. Weee! Kusema ni rahisi. Leo ya kushoto inakubali, ya kulia inanuna. Kesho zimepokezana zamu. Dada ananitumia ujumbe wa sauti: futa zote mbili kwenye simu, fungua vifuniko vya betri, funga, tafuta upya. Nafuta, nafungua, nafunga, natafuta. Simu inazungusha kiduara chake kama mtu anayefikiri, halafu inasema haijaona kitu. Haijaona nini, na viko hapa puani mwako, wewe simu mpumbavu? Mama ananitazama, mtandio umefunuliwa, shingo imeinamishwa upande kama anayenyolewa.

"Subira huvuta heri," dada akasema. Nikamjibu kwamba heri hiyo aje aivute mwenyewe, maana mimi mikono imechoka.

Mwishowe ni mimi niliyegundua. Chumbani mwa mdogo wangu kulikuwa na spika yake ya muziki, bado imechomekwa ukutani. Kila umeme uliporudi, spika iliwaka yenyewe na kuishika simu kabla ya masikio kupata nafasi. Ilikuwa imezoea, maana ile ilikuwa simu ya nyumba na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akipigia nyimbo zake. Nikachomoa waya. Dada akasema haitoshi, ufute na jina la spika kwenye orodha ya simu. Jina alilokuwa ameipa ni lakabu yake mwenyewe. Nikakaa kidole hewani. Kumfuta, wakati huu? Nilisoma bismillahi kwanza, wallahi, kama mtu anayechinja, ndipo nikabonyeza.

Zikashika zote mbili. Zikashika mno! Mama jirani alikuja kuazima simu ampigie mume wake aliyekuwa Ankoro kwa kazi ya samaki. Akasimama uani anasema allô, allô, hasikii kitu, na huku jikoni mama yangu, kisu cha kumenyea muhogo mkononi, akaruka akapiga kelele: "Astaghfirullah! Mwanaume gani huyu ananiambia bila mimi halali usingizi?" Tulicheka mpaka jirani akakaa chini kwenye mchanga. Mume maskini alikuwa amemwaga moyo wake wote masikioni mwa bibi kizee.

Kutoka siku hiyo tukaweka sheria. Simu ikilia, tazama kwanza masikio ya mama yako wapi. Yakiwa kichwani, unampungia mkono ayatoe. Yakiwa kwenye kisahani cha dirishani, pokea bila wasiwasi, maana yakitolewa na kufunguliwa vifuniko yanazimika. Mama aliyatoa wakati wa kulala, wakati wa kuoga na wakati wa kutawadha, kwa sababu masikio yanapakwa maji. Wakati mwingine wote aliyavaa, tena ndani ya mtandio, huwezi kuyaona. Hata kwenye sala aliyavaa. Alisema kwa miaka mingi alikuwa akisoma Kurani bila kujisikia, na sasa anasikia sauti yake mwenyewe, imezeeka, lakini ni yake.

Ilikuwa adhuhuri. Mama yuko uani na birika, anatawadha. Mimi ndani nakunja nguo. Simu ikalia: mjomba. Ndugu yake mama, tumbo moja, aliyekuwa anaishi Nyunzu na alikuwa amekimbilia porini na watu wake. Nikatazama dirishani: mashine zote mbili ziko kwenye kisahani. Nikapokea.

"Mutoto wangu," mjomba akasema, "uko karibu na mama yako?"

"Yuko anatawadha."

"Toka hapo. Enda mbali kidogo."

Miguu ilikuwa imeshajua. Nikazunguka nyuma ya jiko, ukutani kwa chumba cha mama, mahali pekee kwetu ambapo mtandao haukatiki. Niliposema, "Niko peke yangu, mjomba, sema," sauti yake haikuwepo. Kimya. Nikasema allô. Kimya. Nikaitoa simu sikioni, nikatazama: mtandao umejaa, saa ya mazungumzo inakwenda. Nikasema, "Allô, mjomba, mtandao huo! Sikusikii, lakini kama wewe unanisikia, sema tu, sema!"

Kila mtu wa huku anasema hivyo. Mtandao ukilegea hatukati na kupiga upya, maana hujui kama utampata tena mtu aliye porini. Anayepiga anasema yote haraka, anayarudia, kabla uniti za simu hazijaisha, na huku unaendelea kumpa allô ili ajue bado upo. Nikampa allô nyingi. Nilisimama pale na jua la utosi nikisema allô, ndiyo, allô, niko hapa, sema mjomba. Kisha ikakatika.

Nikatazama kioo ili nimpigie. Juu pembeni kulikuwa na alama ndogo ya sikio.

Alama ya sikio ilikuwa imewaka, maana yake mashine zimevaliwa, zimeishika simu. Mama alikuwa amemaliza kutawadha, ameingia kwa mlango wa mbele, amezitia masikioni ili asali, na zenyewe, ambazo wiki nzima zilinitesa zikikataa, zimeunganika upesi kama mtu aliyeitwa kula. Na mimi nilikuwa nimesimama mgongoni mwa chumba chake, tofali moja tu katikati.

Nikaizima bluetooth, nikampigia mjomba. Simu iliita mara nyingi kabla hajapokea, na alipopokea sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Mutoto, sasa unataka niseme mara ngapi? Nimesema, nikarudia. Umeniitikia ndiyo."

"Mjomba, mimi sikusikia. Rudia."

Akapumua. "Walimukuta mudogo wako kando ya reli, ameshakufa. Tulimuzika palepale, mimi mwenyewe niliingia kaburini. Njo vile nilikuambia. Na nilikuambia usimuambie mama yako, waite wakubwa kwanza, maana moyo wake hauwezi kubeba."

Sikumwambia mjomba nani aliyemsikia. Ningemwambia vipi? Nilikata, nikakimbia, nikagonga kidole cha mguu kwenye jiwe la kusagia na sikusikia maumivu mpaka kesho yake. Mdogo wangu amekufa, hilo lilikuwa limenipiga upande mmoja, na upande wa pili lilinipiga hili lingine, na nakiri ni hili la pili lililonifanya nikimbie. Niliamini nitamkuta amelala sakafuni, amekata roho.

Nilimkuta amesujudu.

Mtu aliye kwenye sala haguswi. Nikasimama mlangoni, mkono mdomoni. Alikaa chini pale, paji la uso kwenye mkeka, muda mrefu ambao sijawahi kumwona mtu akisujudu. Mgongo haukutikisika. Nikaanza kusema moyoni, Mola wangu, ameondoka. Kisha akainuka. Akaendelea na rakaa zilizobaki, moja baada ya nyingine, hakuruka kitu, hakuharakisha. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, na kwenye salamu ya kushoto macho yetu yakakutana.

"Mama," nikasema.

"Funga mlango."

Nikafunga. Nikapiga magoti mbele yake, nikataka kumshika. Akanizuia kwa kiganja.

"Usilie. Ukilia, watu wataingia. Nimemusikia ndugu yangu. Nilidhani ni mutoto anapiga, nikafurahi, Mungu anisamehe, ndani ya sala nikafurahi." Akaurekebisha mtandio. "Enda kwa baba yako mukubwa. Umuambie vile unapaswa kumuambia. Usiseme kwamba nimesikia."

"Mama, lakini umeshajua!"

"Nimesikia," akasema. "Sijaambiwa."

Nimekutana na mengi katika vita ile. Nimeona watu wakishuka barabarani na mlango wa nyumba yao kichwani kwa sababu ndicho kitu pekee kilichobaki. Lakini hakuna kilichonitoa akili kama jioni ile. Nilirudi kutoka kwa baba mkubwa nikamkuta mama anapika ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Alifagia uwanja wote, hata nyuma ya choo. Kisha akanituma kwa jirani niazime mikeka, na jirani alipouliza ya nini, nikasema mama anataka kufua yetu. Yeye mwenyewe akaitandika sebuleni, akaipangusa kwa mkono, akahesabu kwa macho watakaokaa. Mama mzazi anaandaa kilio cha mwanawe, na machozi hayajaruhusiwa kutoka! Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumtikisa. Kila nikimtazama alikuwa ameshika kitu, sufuria, ufagio, kona ya mkeka, hakuacha mikono yake ikae mitupu.

Wakaja asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, kama inavyotakiwa. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, mbele, na wazee wawili wa msikiti, na shangazi zangu nyuma na kanga zao zimefungwa kiunoni. Walisalimu. Mama akaitikia, akauliza habari za nyumbani kwao, akauliza kama wamelala salama. Shangazi mmoja akaketi kulia kwake, mwingine kushoto, wakamshika mikono.

"Subirini," mama akasema.

Akajitoa mikononi mwao. Akaingiza vidole ndani ya mtandio, akatoa mashine ya kulia, akatoa ya kushoto, akaniwekea mkononi. Zilikuwa na joto la mwili wake. Kisha akarudisha mikono kwa shangazi zangu, akamtazama baba mkubwa.

Baba mkubwa akaanza taratibu, kwa sauti ya chini, kama desturi: kwamba sisi sote ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Mama akatikisa kichwa.

"Sisikii, shemeji."

Akapandisha sauti kidogo. Akasema Mungu hutoa, na Mungu huchukua.

"Sisikii."

Baba mkubwa alinigeukia. Aliziona mashine kwenye kiganja changu, na kwa jicho akaniambia nimvalishe. Nikafumba mkono. Jasho lilikuwa linamtoka yule mzee, na bado ni asubuhi ya baridi ya ziwani. Hakuwa na njia nyingine. Akainama mpaka midevu yake ikagusa mtandio, akapiga kelele, yeye ambaye maisha yake yote hajawahi kumpandishia mama yangu sauti: "Mutoto wako amekufa! Amekufa Nyunzu! Wameshamuzika!"

Nje, barabarani, watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakasimama. Jirani akaanza kulia upande wa pili wa ukuta. Ndani mama alikuwa bado anatazama mdomo wa baba mkubwa, mpaka ulipofungwa, na hapo ndipo akalia.