Nyumba ya Kamba

Kazi yangu ni kupiga plasta. Wiki nzima niko Juja kwenye hosteli za wanafunzi, vyumba vimefuatana kama masanduku, na jua la alasiri likishika ukuta wa nyuma huwezi kuuwekea mkono. Ikifika Jumamosi jioni hata kuvua shati ni kazi. Lakini ukiwa na ndoto, uchovu nao unakuwa na maringo kidogo. Kwa hivyo kila Jumapili nilikuwa najikokota hadi Gatongora, huko Ruiru, kwenye kaploti alichotuachia babu, nafyeka nyasi na kupiga hesabu za nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya cucu, nyanya yangu. Ndiye aliyenilea, na hicho kifua chake kibovu, kwenye chumba cha mabati huko Thika. Januari chumba kinachemka, anatoka na stuli yake kufuata kivuli cha ukuta. Julai mabati yanatoa jasho, matone yanadondoka kwenye blanketi. Julai iliyopita alikohoa mpaka akashindwa kuinuka, nikamshika mgongo nikihisi mbavu zake zikitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nikajiambia, Julai nyingine haitamkuta hapa.

Shida ni kwamba hakutaka kuhama.

“Thika najulikana,” alikuwa akisema. “Huko Ruiru nitasalimia nani? Ukuta?”

Mwishowe alikubali kuja kuangalia tu. Kuangalia, alirudia, si kuhamia. Mimi sikusoma sana, mchoro wa karatasi wa kueleweka siuwezi. Nyumba yangu niliichora chini, kwa vigingi na kamba, kwa ukubwa wake kamili. Madirisha mapana yaangalie barabara, kama nyumba zote za jirani. Chumba chake cha kulala mbele, hapo kando ya barabara, ili awe anaona watu. Jikoni nyuma. Niliipenda sana hiyo nyumba.

Alikuja na stuli kwapani, na jiko lake la makaa ndani ya gunia.

“Sasa jiko la nini, cucu?”

“Nyumba hujaribiwa kwa moto, mzee wangu.” Ananiita hivyo tangu nikiwa mdogo, kama cucu wengi kwetu, eti mjukuu ni mume wake. “Mlango uko wapi?”

“Ruka tu hiyo kamba.”

“Ai! Niruke ukuta kama mwizi?”

Ikabidi nimpitishe mlangoni. Aliingia, akapangusa miguu kwenye nyasi, akauliza hapa ni wapi. Sebule, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mgeni mwenye adabu. Jikoni akatua jiko, akawasha, akabandika sufuria ya chai.

Upepo wetu hutoka upande wa jua kuchomoza, huko nyuma. Nilijua. Kila mtu anayepiga plasta anajua ukuta gani unakauka kwanza. Lakini nilikuwa nimeshikwa na hayo madirisha. Moshi uliinuka kidogo, ukalala, ukapita sebuleni pole pole, ukaingia moja kwa moja chumba cha kulala. Cucu alikuwa ameketi huko kwenye stuli. Akakohoa. Akakohoa tena.

“Tutaweka ukuta hapa katikati,” nikasema haraka.

“Na mlango hutaweka?”

Tukanywa chai. Jua likaanza kushuka upande wa barabara. Likamfikia usoni. Akasogeza stuli. Likamfuata, akasogeza tena, mpaka nikamwona ametoka mlangoni, kwa heshima zote, akaenda kukaa nje ya kamba, kwenye kivuli cha ua wa jirani. Vile vile anavyokaa Thika.

“Mzee wangu,” akasema, bila ukali, “hii umejengea barabara. Mimi umeniweka wapi?”

Nilikaa chini pale sebuleni, kwenye udongo, miguu imenyooka. Jumapili zote hizo. Nilisikia uchovu wa wiki nzima ukinishukia kwa pamoja, na machozi karibu. Cucu akanitazama viganja, vile simiti imevipasua.

“Umechoka.”

“Sijachoka.”

“Umechoka. Na bado tutaing'oa. Leta hicho kigingi.”

Tukaing'oa. Yaani mimi niling'oa, yeye akashika kamba na kunicheka nikipotea. Jikoni na bafu nikavipeleka upande wa barabara, vipigwe na jua la alasiri vyenyewe, na moshi ushike njia yake. Chumba cha kulala kikaenda nyuma, jua la asubuhi limwamshe na kukausha blanketi. Juu nitaweka dari, na nafasi kati yake na mabati hewa ipite. Ilikuwa sawa sasa. Cucu akasimama kwenye chumba chake kipya, akatazama ua mtupu wa nyuma.

“Huku nitaona nani?”

Nikaona Thika ikimvuta tena. Nikachukua kamba iliyobaki, nikazungusha baraza ubavuni mwa nyumba, pale pale kwenye kivuli cha ua wa jirani, paa litokeze mbele sana, kivuli kitoshe stuli na miguu iliyonyooshwa. Nikamwambia ajaribu hapo. Alikaa. Jua halikumpata. Moshi haukumpata. Geti, kama tungekuwa na geti, lilikuwa mbele yake kabisa.

Mama mmoja alikuwa anapita na jerikeni ya maji, akasimama akashangaa.

“Hodi! Kwani mmeshahamia?”

“Karibu!” cucu akaita. Mama akainua mguu kuvuka kamba. “Wee, huko ni bafuni! Zunguka, mlango uko huku!”

Wakacheka wote wawili, wakasalimiana muda mrefu, cucu akisimulia kifua chake, akiuliza maji yanatoka wapi, kanisa liko wapi. Mimi nilijilaza kwenye nyasi, nikafunga macho. Msingi haujachimbwa, na Jumatatu ukuta mwingine ulikuwa unaningoja Juja.

Jua lilipopungua nikapoza jiko, nikalirudisha ndani ya gunia. Tulikuwa tumefika barabarani nilipogundua.

“Cucu, stuli umesahau.”

“Sijasahau,” akasema, akaendelea kutembea.

Nikarudi mbio, nikatoa jiko kwenye gunia, na gunia nikafunikia stuli, isinyeshewe.