Jiwe Langu Kwenye Sanduku la Wazee

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatwa na jiwe. Mkuu wa hifadhi, yaani chumba kidogo hapa Kisangani kilichotunza zana za mawe zilizochimbwa mkoani, alinipa brashi, beseni la maji na sinia la vipande, akasema nioshe. Nikaviosha kama mchele. Kimoja kikanipasua kidole, damu ikachuruzika kwenye kitenge changu kipya. Mkuu akacheka, nami nikakasirika.

"Mama Zaituni, mutu alitengeneza ile jiwe mbele babu ya babu yako hajazaliwa," akasema. "Na iko inakata mpaka leo! Bon, funga kidole, tuendelee."

Hasira ikageuka wivu. Sisi ukoo wetu ni wa mafundi, na mimi sipendi kushindwa na mtu aliyekufa. Nikamwomba Mkuu anifundishe kuchonga. Alikubali upesi, maana aliamini asiyewahi kupasua jiwe hawezi kulisoma.

Vijana wanaokuja kwangu sasa hudhani ni kazi ya nguvu. Wanajisumbua. Nyundo yako ni jiwe la duara la mtoni. Unapiga karibu na ukingo wa jiwe la kazi, na kigae, yaani kipande chembamba, kinaruka upande wa chini, usikouona. Kabla ya kila pigo unausugua ukingo kwa jiwe lenye kukwaruza, kwa sababu ukingo mwembamba husagika tu. Ukishapata umbo, unachukua kisukumio, waya mnene wa shaba uliochomekwa kwenye mpini wa mti. Mimi nilipewa wangu na fundi umeme wa kule bwawani Tshopo. Unatandika ngozi pajani, unabonyeza ukingoni, na vigae vidogo vinabanduka kama magamba ya samaki. Anayejifunza aanze na kitako cha chupa ya bia. Avae miwani, akae nje penye upepo, kwani vumbi la mawe huua mapafu.

Baadaye nilitumwa Basoko kujiunga na msafara wa uchimbaji. Tulimaliza kazi, tukakaa siku mbili tukingoja baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye mota. Kwa uchovu wa kungoja nikaokota jiwe jeupe la kwatzi, nikachonga ncha ya mshale kwa kisukumio changu cha shaba. Ilikuwa nzuri, nakiri. Nikaiweka kwenye turubai palipokauka mawe yaliyochimbwa, nikaenda kununua samaki. Niliporudi kila kitu kilikuwa kimefungwa mifukoni, na kwa haraka ya safari nikaisahau.

Miezi michache baadaye Mkuu wa hifadhi alituita kuchagua kipande cha kuwekwa mbele katika sanduku la kioo. Wiki hiyohiyo alikuwa atie sahihi barua ya kunipandisha cheo. Akainua ncha nyeupe. "Angalieni! Wazee wetu walijua kazi, kweli!"

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikasogea kuitazama. Upande wa kushoto niliona kovu pale mkono wangu ulipoteleza. Ningenyamaza, nani angejua? Lakini njia ya mwongo ni fupi, na wageni wangekuja kusoma uongo wangu kama historia yao.

"Chef, ile si ya wazee," nikasema. "Ni mimi nilitengeneza, kule Basoko."

Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alikaa kitini. "Alors, Mama, ile ingine yote tutajua namna gani kama iko ya kweli?"

Nikaomba lenzi. Shaba huacha michirizi myembamba yenye rangi ukingoni, na wazee hao hawakuwa na shaba. Nilikagua mifuko yote ya Basoko, kipande kwa kipande, kwa siku tatu, nikiomba Mungu. Mchirizi ulikuwa kwenye jiwe langu tu. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Barua ya cheo ilikaa mezani mwaka mzima kabla ya kusainiwa. Ncha yangu nayo Mkuu hakuitupa. Aliiweka pembeni mwa zile za kale, akaandika kwa mkono wake: "Hii imechongwa na Mama Zaituni, fundi wetu. Tafuteni tofauti." Wanafunzi walisimama hapo zaidi kuliko mahali pengine popote.

Sasa nimestaafu, nachonga kwa kujifurahisha uani kwangu, na Jumamosi vijana huja na chupa zao. Kila kitu tunachokimaliza tunakikwaruzia herufi za majina yetu na mwaka. Vigae tunavifukia shimoni pamoja na vifuniko vya soda. Juzi binti mmoja aliniuliza, "Mama, vifuniko ni vya nini?" Nikamwambia iko siku mtu atachimba hapa, naye atakuwa na brashi, beseni na mkuu wake. Akikuta vifuniko atajua vigae si vya wazee. Sitaki asimame mbele ya watu kama nilivyosimama mimi.