Ombi Linaloweza Kukataliwa

Kwa miaka kadhaa nilifundisha Kiingereza kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha chini cha kanisa letu, Beltsville, Marekani. Sikuwa mwalimu. Nilikuwa karani kwenye ofisi moja ya chuo kikuu, College Park, na sifa yangu kubwa ilikuwa kwamba napokea simu za Wamarekani bila kutetemeka. Wanafunzi walikuwa watu wazima: wafua nguo, wapishi, wauguzi wa majumbani, na mama mmoja wa Kikongo aliyetia Kifaransa kila alipokwama na kutulaumu sisi kwa kutomwelewa. Walichotaka ni kujua jinsi ya kuomba kitu bila kuonekana ombaomba wala jeuri.

Sisi tukienda kuomba, tunaanza mbali. Salamu, habari za nyumbani, watoto, hali ya hewa, na mwenyeji akiwa mwelewa anaanza kuhisi kuwa kuna jambo. Mmarekani wa ofisini ukimwanzia mbali, anatazama saa. Kwa hiyo niliwafundisha njia ya wenyeji. Muulize kama ana dakika moja, taja unachotaka, kilainishe kwa kusema ulikuwa unawaza tu kama ingewezekana, kisha nyamaza. Shida za nyumbani usizimwage mezani kwa mtu. Sema ni sababu binafsi, inatosha. Nilijivunia sana somo hilo.

Mwanafunzi wangu mkubwa kwa umri alikuwa mzee wa Kitanzania, mstaafu wa reli kutoka Tabora. Alikuwa Mwislamu, lakini alishuka ngazi za kanisa na kofia yake kichwani akisema Kiingereza hakina dini. Alifanya kazi usiku katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya kutunzia wazee. Yeye na mkewe walikuja Marekani kumfuata binti yao, binti akaolewa akahamia Texas, wao wakabaki na fleti. Mkewe alikuwa na kisukari. Macho yalikuwa yamekwisha kufifia, na siku hizo sukari ilikuwa ikimshuka usiku, ghafla, akawa hawezi hata kupapasa juisi aliyowekewa karibu. Asubuhi moja mzee alirudi kutoka kazini akamkuta sakafuni, amelowa jasho, hajui yuko wapi. Mchana jirani alikuwa akipita kumtazama; usiku hapakuwa na mtu. Mzee alitaka kitu kimoja tu, ahamishiwe zamu ya asubuhi ili usiku awe nyumbani.

"Nisindikize kwa bosi," aliniambia. "Wewe utaongea, mimi nitakuwepo."

Alitaka mshenga. Nilimwambia hapa ukimtuma mtu akusemee, bosi atauliza mwenyewe ana nini hata asije. Basi tukafanya mazoezi, mimi bosi, yeye mwombaji. Alikuwa mwanafunzi mbishi.

"Nimwombe dakika, halafu nimwombe na zamu? Mbona hayo ni maombi mawili?" Na ile ya kuwaza tu haikumwingia kabisa. "Mimi siwazi, mwalimu. Mimi nina shida."

Lakini alikariri, na wiki iliyofuata alikwenda kuomba. Jumamosi akaniletea majibu: bosi amesema ataangalia, kwa sasa hakuna nafasi. Nikamuuliza huyo bosi ni nani. Aliponieleza, nilimtambua mara moja. Alikuwa Mkenya, dada wa Nakuru anayeishi Bowie, mchapakazi, na kila Jumapili aliimba kwaya katika kanisa hilo hilo, ghorofa ya juu yetu.

"Yaani nakukaririsha Kiingereza kumbe bosi wako anaongea Kiswahili?"

"Kazini tunaongea Kiingereza."

"Basi rudi ukamwambie kwa Kiswahili. Mwambie mama anaumwa."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Yule ni mtoto, mwalimu. Binti yangu ni mkubwa kwake. Kwa Kiingereza, yeye ni bosi na mimi mfanyakazi. Akisema hapana, tunaendelea kukunja mashuka. Kwa Kiswahili mimi ni baba yake. Nikimwambia mwanangu, mama yako anaumwa, nisaidie, atanikataliaje? Hapo sijaomba, nimemlazimisha. Na pengine nafasi kweli hana."

Nilikasirika. Niliona ni kiburi kilichojipaka adabu: mke anaweza kufa kwa sababu mume hataki kumtia mtoto wa watu kwenye kona. Nilimwambia hivyo, ingawa kwa maneno laini kidogo. Akairudisha miwani usoni.

"Unadhani siogopi? Kila mapumziko napiga simu nyumbani. Ikiita bila kupokelewa, napiga tena na tena mpaka mapumziko yaishe."

Kesho yake baada ya ibada nilimkuta yule dada kwenye meza ya chai. Sikumwombea mzee chochote. Nilimwambia tu kwamba mke wa mzee wake wa kufulia anaumwa sana, na usiku hubaki peke yake. Kumpa mtu habari za mgonjwa si kuomba. Atakachofanya nazo ni juu yake.

"Wife yake?" Aliweka kikombe chini. "Na si angeniambia! Alikuja kwa ofisi akasema ati he was just wondering, ni personal reasons. Nikaona si kitu serious, nikaiweka tu kando."

Nilikoroga chai yangu. Kuwaza tu, sababu binafsi: maneno hayo nilikuwa nayafahamu vizuri.

Alasiri ile ile tulikwenda pamoja, kwa sababu fleti hakuijua. Mzee alifungua mlango akamkuta bosi wake amesimama na mfuko wa machungwa. Wakenya wa bara hawana mazoea sana na shikamoo, lakini dada aliitoa, tena akiinama kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Alisema kwa furaha ya kweli, lakini nikaona uso wake umebadilika. Kwa hesabu zake, kuanzia salamu ile binti hakuwa tena na uwezo wa kumkatalia lolote. Kwa hiyo kazi hakuitaja. Mama alikuwa kwenye kochi na khanga mabegani, akimgeukia kila mtu kwa kufuata sauti. Tulikunywa chai. Tulizungumzia baridi ya Nakuru, joto la Tabora, asali, mahindi, kwaya. Nilikohoa ili kumkumbusha mzee. Akaniongezea chai ya moto akidhani ni koo. Nilitamani kupiga kelele.

Mwishowe dada alisimama kuaga, akasita, akakaa tena.

"Mzee, mimi niko na shida," alisema. "Hawa watu wangu wa asubuhi ni vijana tu, wananichanganyia nguo za wenyewe kila siku. Nahitaji mtu mzima wa kuwaangalia. Sasa nimekuja kukuomba. Tafadhali nisaidie, ukiweza uanze wiki hii."

Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono magotini. Kama vijana hao walikuwa wabovu kiasi hicho, sijui, na sikuuliza. Nilijua tu kwamba katika miaka yangu yote ya kufundisha watu kuomba sikuwahi kuona mtu akiomba vizuri namna ile. Machozi yalinilenga, nikatazama dirishani. Bosi alikuwa ameshuka chini kabisa, na sasa aliyekuwa na uwezo wa kukataa ni mzee.

Naye akautumia. Alikuna kidevu polepole.

"Na hawa wa usiku nitawaacha na nani?" aliuliza. "Hebu niachie nilifikirie, mwanangu."

Nusura nimrushie kikombe. Dada hakuinua kichwa. Alisubiri.

Mama alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mgeni, akaushika.

"Amekubali," alisema. "Usiku mimi naogopa."