Alikwenda Kiwangwa kwa Ajili ya Mbuzi

Mbuzi wote wa Bagamoyo walimjua mume wangu. Akipita mtaani asubuhi, hata kama kavaa kanzu ya Ijumaa na kajipaka uturi, mbuzi walihamia mtaa wa pili. Beberu mmoja wa jirani alikuwa akimwona tu, anaingia ndani kwa watu na kujifunika mkeka. Msinibishie. Mkeka wenyewe ulikuwa wangu.

Jina lake Mwishehe. Alikuwa mchinjaji, na baba yake kabla yake mchinjaji, na meza yake ya nyama pale sokoni ilikuwa ya mninga, imelika katikati kama mgongo wa punda mzee. Arusi ikiwapo Kaole, anaitwa Mwishehe. Hitima, akika, mgeni wa serikali, Mwishehe. Hata mapadri wa misheni, Krismasi ikifika, walimwita yeye awachinjie ng'ombe wao, ili wafanyakazi Waislamu na majirani wote wale bila wasiwasi. Hakuwahi kumkatalia mtu. Na katika kazi yote hiyo, tone la damu halikugusa nguo yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia, na mimi ndiye shahidi. Ungedhani damu nayo ilimwogopa kama mbuzi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenyimwa kisu kile, naye ni binti yetu, Sikuzani.

Sikuzani alikulia kando ya meza ile, akimshikia baba yake miguu ya mbuzi. Akaja kijana wa Kiwangwa, Gaspari, akawa anauza mananasi meza ya pili. Mwanangu akaanza kupenda mananasi. Alikula mananasi mpaka ulimi ukambabuka, akawa anaongea kama mtu aliyetia kiazi cha moto mdomoni, na bado ananunua! Mimi mama nikajua hapa si nanasi. Baba yake hakujua kitu mpaka siku binti aliposema anaolewa, tena ndoa itafungwa kanisani, na yeye mwenyewe atabatizwa.

Mwishehe hakupiga kelele. Alifuta kisu, akakirudisha kwenye ala, akasema, "Mimi sina binti Kiwangwa."

Tangu siku ile nanasi halikuingia nyumbani kwetu. Sikuzani alikuja sokoni mara moja, kambeba mtoto wake wa kwanza, akasema, "Shikamoo, baba." Mwishehe akaendelea kukata mbavu. Shikamoo ile ikabaki hewani, nzi wakaipitia kushoto na kulia, hakuna wa kuipokea. Mwanangu akageuka, akaondoka.

Mimi sikukubali kukosa wajukuu. Nilikuwa nikiaga kwamba nakwenda msibani Mlingotini, kumbe nadandia lori la Kiwangwa, upande mwingine kabisa. Nimewaua watu wengi sana Mlingotini, Mungu anisamehe na wao wanisamehe, maana wengine mpaka leo wazima na wanavua samaki. Na ajabu ni kwamba kila nikiaga, Mwishehe ananikatia paja zuri la mbuzi, analifunga kwa majani ya mgomba. "Wapelekee wafiwa," anasema. Paja zima! Nikadhani mume wangu ana huruma tu.

Basi mwaka mmoja, Azimio limekwisha kutangazwa na redio hazitaji kitu ila jembe, Idi iliangukia siku chache kabla ya Krismasi. Nyumba ilikuwa bado inanukia visheti. Asubuhi ya Krismasi yenyewe Mwishehe alirudi kutoka kuchinja misheni, akakaa barazani na kanzu yake ya Idi, anakunywa kahawa na dada yake, Bi Mardhiya. Wifi yangu huyo alikuwa mjane, mwili tele, na ulimi wake ungeweza kuchuna ngozi bila kisu.

Mara likasimama lori la Majaliwa. Majaliwa alikuwa mtu wa Kiwangwa; alikuwa ameshusha mananasi mjini, sasa anarudi kwao tupu.

"Shikamoo, Mzee Mwishehe."

"Marahaba. Nyama leo hakuna."

"Sitaki nyama, mzee. Nina habari, na ukitaka kunipiga baada yake, unipige." Akajikuna shingo. "Mzee Rajabu aliyekuwa akituchinjia kahamia kwa mwanawe Dasalama. Kijiji hakina mchinjaji. Na kwa mzee Leopoldi, baba yake Gaspari, pana beberu wa Krismasi. Binti yako kashika kamba, hataki mtu amguse."

"Kwa nini?"

"Kila Krismasi ni yeye anayeng'ang'ania aitwe Mwislamu achinje. Anasema, huenda mwaka huu baba akaja, akija akakuta nyama asiyoweza kula, uso wangu nitauficha wapi? Wamemvumilia miaka yote. Lakini leo mzee Leopoldi kasema watu wakitoka kanisani atachinja mwenyewe. Watu hawawezi kushiba nyimbo."

Mwishehe akaweka kikombe chini. Akatazama jua lilipofika. "Majaliwa, lori lako linawaka?"

"Likipigwa hendeli, linawaka."

"Lipige."

Bi Mardhiya nusura apaliwe na kahawa. "Alaa! Unakwenda wapi?"

"Kiwangwa."

"Kwa binti yako?"

"Nani kataja binti hapa? Nakwenda kwa ajili ya mbuzi. Mnyama hawezi kuachiwa mtu asiyejua kazi."

"Kwa ajili ya mbuzi," wifi yangu akasema, akinyanyuka na kuvuta buibui lake. "Basi na mimi nina shauku kubwa ya kumwona mbuzi huyo. Dija, fungasha visheti!"

Visheti nilikwisha kufungasha, na halua, na doti ya kanga mpya. Nikatoka nje najifanya mgeni, namwuliza Majaliwa kama Kiwangwa ni mbali na kama njia ina mashimo. Mwishehe akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Majaliwa," akasema, "ukipotea, muulize mke wangu. Ndiyo njia yake ya kwenda Mlingotini."

Mwana wee! Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Halafu nikayakumbuka yale mapaja ya mbuzi. Wafiwa!

Bi Mardhiya akakaa mbele na dereva, sisi wawili nyuma juu ya majani ya mananasi yanayochoma. Tulifika mto Ruvu jua limeanza kuuma. Wakati huo ulivukwa kwa pantoni la kuvutwa kwa kamba, na mvutaji alikuwa Mbaruku. Tukalikuta pantoni limefungwa, na Mbaruku yuko nyuma ya kibanda chake analia kama mtoto. Ndama wake alikuwa ametumbukia korongoni, miguu imevunjika, roho inamtoka polepole.

"Sivushi mtu!" akapiga kelele. "Nimemtuma mtu akatafute mchinjaji. Huyu akifa hivi hivi, ni mzoga!"

"Tuvushe kwanza, mwanamume wewe!" Bi Mardhiya akamjibu kutoka dirishani. "Kuna mbuzi anatungoja!"

Majaliwa alitazama jua, mimi nikatazama jua. Mwishehe hakulitazama. Alikuwa amekwisha kuteremka korongoni. "Mgeuzeni kichwa, kibla ni huku," akasema, na sauti yake ikawa ile ya upole ambayo watu hawakuijua ila wanyama. Bismillahi, Allahu Akbar. Ndama akapumzika. Hapo tulipoteza muda, sisemi hatukupoteza, lakini Mwishehe asingeweza kupita. Mtu wa namna hiyo ukimwambia apite, unamwambia awe mtu mwingine.

Akapanda kutoka korongoni, kanzu nyeupe pepe. Mbaruku akavuta kamba ile kwa furaha hata pantoni likafika ng'ambo kabla ya kivuli chake. Mamba mmoja alitoa kichwa majini, akamwona aliyesimama mbele, akazama taratibu kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.

Ng'ambo ya mto, mvua za vuli zilikuwa zimeacha tope. Lori likazama gurudumu la nyuma. Tulisukuma, tukatia matawi, wapi! Ndipo Bi Mardhiya akashuka, akasimama mbele ya lori, mikono kiunoni. "Huna haya? Limwili lote hilo, unashindwa na udongo? Mimi mjane mzima nimepita hapa kwa miguu yangu miwili, wewe una minne na bado umelala?" Aliendelea hivyo mpaka lori likaona aibu, likatoka. Majaliwa anadai ni matawi.

Kuanzia hapo Mwishehe hakukaa. Kila akiona kivuli chake kinafupika, anapiga bodi kwa kiganja. "Majaliwa, kanyaga!"

"Nimekanyaga mpaka nasikia udongo, mzee!"

Nikamsogelea. "Baba Sikuzani, na akikusalimu, je?"

"Nani?"

"Mbuzi."

Hakucheka. Alishika ukingo wa lori kwa mikono miwili, akatazama mbele. "Kama mbuzi atanisalimu baada ya yale," akasema, "basi mbuzi huyo ana moyo kunishinda mimi."

Tulipofika, watu walikuwa wamekwisha kutoka kanisani. Uwanja wa mzee Leopoldi umejaa, masufuria yanachemka maji matupu. Lori halijasimama, Mwishehe akanyanyua kichwa. Sikio lake lilishika sauti ya kisu kikinolewa juu ya jiwe.

"Butu!" akasema kwa uchungu. "Kisu kile ni butu! Watamtesa mnyama!"

Akaruka. Mzee wa umri ule, karuka kutoka lori linalokwenda, kanzu imefura kama mwavuli, akapita juu ya kuku na watoto na kutua upande wa pili. Bi Mardhiya alisema aliruka usawa wa goti tu. Bi Mardhiya alikuwa mbele, aliona nini?

Katikati ya uwanja kasimama Sikuzani, kamba ya beberu kajifungia kiunoni. Mbele yake mzee Leopoldi, mrefu, mpole, kisu mkononi, anamsihi.

"Mwanangu, tumengoja vya kutosha. Hawa watu wako hawaji. Mwaka gani walikuja?"

"Kidogo tu, baba. Jua bado."

"Jua bado limefanya nini? Si hilo limesimama utosini?"

"Weka kisu chini!"

Uwanja mzima ukageuka. Mwishehe akapita katikati yao, vumbi la njia nzima usoni, akasimama mbele ya Leopoldi. "Mimi Mwishehe, mchinjaji wa Bagamoyo," akasema, kama kwamba pale kuna asiyemjua. "Nimekuja kwa ajili ya mbuzi."

Sikuzani akaikaza kamba kiunoni, akamgeukia.

"Shikamoo, baba."

Mimi juu ya lori nilikikumbatia kifurushi mpaka visheti vikawa unga. Mwishehe akamwinamia beberu, akamtazama macho, akampapasa shingo. Akaendelea kupapasa. Nikasema moyoni, Mwishehe, ukikata mbavu na leo, wallahi kesho nakwenda Mlingotini kweli, na mfiwa atakuwa wewe.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Hakunyanyua kichwa, kwa sababu hakutaka watu wayaone macho yake. "Marahaba. Shika miguu ya nyuma. Usishike kama mwoga, sikukufundisha hivyo."

Bi Mardhiya akapiga kigelegele. Wanawake wa Kiwangwa wakakipokea, na kigelegele kile kilidumu mpaka nyama ikaiva. Sikuzani akafungua fundo, anacheka na kulia, kamasi zote nje, akapiga magoti mahali pake pa zamani. Na yule beberu, niamini au usiniamini, alipomwona Mwishehe hakupiga hata kelele. Alijilaza mwenyewe, kichwa kibla.

Mzee Leopoldi akakitupa kile kisu chake butu kichakani. "Mkwe," akasema, "kila mwaka nilikuwa nikimwambia huyu kwamba hamji."

"Ulikuwa ukisema kweli, mkwe. Mwakani usiseme."

Tulikula sahani moja, Waislamu na Wakristo, vidole vikigongana kwenye pilau, na wajukuu wamemkalia Mwishehe kama kuku juu ya kichanja. Gaspari alikuwa amejificha nyuma ya ghala tangu tulipofika. Alipotoka, kabeba nanasi kubwa kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto wa mwenyewe.

"Hili ni la shamba langu, mzee."

Mwishehe akaligeuza, akalinusa. "Ndilo ulilomnasia binti yangu?"

"Mbegu ile ile, mzee."

"Basi kata. Nione ilikuwa na utamu gani."

Akala kipande, akala cha pili. Maji ya nanasi yakamtiririka kidevuni, yakashuka kifuani kwenye kanzu ile ya Idi ambayo haikuwahi kuguswa na tone la kitu. Nikanyanyuka na kitambaa. Akanisukuma mkono. "Liache, Dija." Doa lile sijalifua mpaka leo, na kanzu ninayo.

Tulilala huko siku mbili. Tuliporudi Bagamoyo, wazee wa barazani walikuwa wanamngoja.

"Mwishehe, meza imelala tupu. Kuna msiba Mlingotini?"

Akasimama katikati ya njia, kifua na doa lake mbele, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka sokoni.

"Mlingotini wote hawajambo. Nilikuwa Kiwangwa, kwa binti yangu."

"Kufanya nini huko?"

"Kula nanasi," akasema, akaingia ndani.