Plasta ya Issa na Mafuta ya Bibi Yake

Vidole vya Issa vilizama ndani ya plasta, ndiyo maana niliondoka Kagunga kabla ya siku yetu ya kliniki. Majirani mliosema nimefuata khanga mpya kwenye duka la ushirika mjini mmenionea bure. Mwanangu alizaliwa wayo wa kulia umegeukia ndani, ukitazama mguu mwenzake. Sista wa hospitali mjini alikuwa akiunyoosha kidogo kidogo kwa mikono, kisha anaufunga plasta hadi pajani, na kila tukirudi anausogeza tena. Aliniambia mifupa ya mtoto mchanga bado laini. Tukichelewa itakomaa hivyo hivyo ilivyopinda, na Issa atakanyagia ubavu wa mguu maisha yake yote. Akaniagiza pia: vidole visipoonekana, plasta imeteleza, njoo upesi.

Alfajiri, ufukweni, nilimkuta mama mkwe wangu ameshaketi ndani ya boti. Sikuwa nimemwalika. Alimpokea Issa, ambaye usiku alikuwa amempaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, mpaka akang'aa kama sahani ya harusi.

"Mjukuu wangu haendi mjini amepauka," alisema. "Watatuona hatuna kwetu."

Tulipoipita Gombe, nyani wakitutazama kutoka kwenye mawe, Issa alianza kulia. Mama mkwe akatoa chupa kapuni, akamimina mafuta kwenye ukingo wa plasta, pale pajani.

"Mama, jamani!"

"Yemwe, inamkwaruza! Miaka yote hii nimelea kwa mafuta haya."

Nani amnyang'anye mkwewe chupa mbele ya boti nzima? Lakini nilianza kuelewa vidole vilikokwenda.

Tulishuka Kibirizi jua likiwa kali, tukaenda kulala Ujiji kwa wifi yangu Zaituni. Alitupikia ugali wa muhogo na dagaa, akambeba Issa kila alipokwenda. Nampenda sana wifi huyu, hata anapocheka jinsi ninavyovaa.

Asubuhi, hospitalini, Sista aliigusa tu ile plasta, ikachomoka nzima kama buti. Mguu ulikuwa unateleza. Na ulikuwa umegeuka tena.

"Shikamoo, Bibi," Sista alisema, macho kwenye mguu. "Nani kampaka?"

"Marahaba. Mimi," mama mkwe alijibu, kidevu juu. "Mtoto asiyepakwa ni yatima."

Sista hakubishana naye. Aliuosha mguu kwa sabuni, akauchukua mkono wa mama mkwe na kuuweka juu ya wayo. "Safari iliyopita tulikuwa tumeufikisha hapa. Sasa sikia, umerudi huku. Plasta ikiteleza haishiki kitu, Bibi."

Mama mkwe aliupapasa mguu kwa muda mrefu. Kidevu kilishuka. "Mwana wanje," alimwambia Sista kwa sauti ndogo, kama anayesema na binti yake, "nimemlemaza?"

"Hapana. Bado ni mdogo, tutaurudisha. Nishikie goti, hivi, likunje kidogo. Usikaze."

Akalishika. Sista alinyoosha wayo polepole, akazungusha bandeji zilizoloweshwa, na mama mkwe hakuliachia goti hadi plasta ilipokauka, akimwimbia Issa wimbo wa Kiha usiokuwa na mwisho. Nililia, nasema wazi. Kabla ya kuondoka Sista alituonyesha viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma: plasta zikiisha, Issa atavivaa kila anapolala, la sivyo mguu utarudi.

Katika boti ya kurudi, mama mkwe alinieleza habari za viatu vile kana kwamba mimi sikuwepo. Nilimsikiliza kwa furaha. Nimejifunza kwamba mguu wa mtoto haunyooshwi na hospitali peke yake. Kila anayembeba nyumbani lazima ajue plasta inafanya kazi gani, na anayempenda zaidi ndiye wa kuambiwa kwanza.

Kagunga, wanawake walikuwa wakianika dagaa. Mmoja wao alimtazama Issa, mapaja yamepauka kwa vumbi la plasta, kisha akanitazama mimi.

"Yemwe, mtoto huyu mama yake hana hata tone la mafuta?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alimwinua mjukuu wake juu ili wote wamwone vizuri.

"Mimi ndiye niliyekataza," alisema. "Simlei huyu ang'ae. Namlea atembee."